Mgonjwa wa Mfano

Mama wa Magarama aliporudi kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili na amekuja na mumewe. Aliketi mbele yangu, akatoa simu, akanisukumia mezani kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani.

"Muganga," akasema, "leo muniambie kweli. Niko nakufa?"

Nilichukua simu nikasoma. Ulikuwa ujumbe wetu, ule ule, kwa Kirundi: mgonjwa mpendwa, wakati wako wa kupimwa umefika, tafadhali fika kituoni. Haukuwa na jina la mtu wala la ugonjwa. Tulikuwa tumeagizwa hivyo ili siri ya mgonjwa isitoke nje.

"Mama, presha yako tuliipima juzi tu. Ilikuwa nzuri."

"Njo maana nauliza. Kama tansiyo iko muzuri, juu ya nini munaniita kila saa? Mutu haitwaki mara tatu bure. Nimesha kumwambia baba ya batoto: kuko kitu hawa banaficha."

Mumewe, fundi cherehani ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu, alitikisa kichwa kwa huzuni. Ilionekana walikuwa wameshazungumza hata nani atabaki na duka.

Nilimpima presha. Skrini ikaniamuru nimpime na sukari. Nilimchoma kidole, akafumba macho, sukari ikawa ya kawaida kabisa. Nilipoandika majibu, mstari wake kwenye kompyuta ukageuka kutoka mwekundu kuwa wa kijani, na kompyuta ikaridhika. Mimi sikuridhika. Yeye ndiye hakuridhika hata kidogo. Aliondoka akiwa amemshika mumewe mkono, na mlangoni akanigeukia: "Mutaniita tena. Mi najua."

Nilikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha binafsi pale Gitega, unapotoka Mushasha kuelekea Magarama. Kilikuwa cha chama kimoja kilichokuwa na kituo kingine Muyinga. Hatukuwa wakubwa. Tulikuwa na daktari mmoja, ambaye ndiye mkurugenzi, wauguzi wachache, chumba cha dawa, maabara ndogo, na benchi refu la nje lililojaa watu tangu asubuhi.

Mimi nilizaliwa Burundi lakini nimekulia kambini Tanzania. Tuliporudi baada ya amani nilikuwa msichana mkubwa, Kifaransa sikijui, na Kirundi changu kiliwachekesha wenzangu wa shule. Kiswahili ndicho nilichokuja nacho. Kwa hiyo kituoni, kila mgonjwa aliyefungua mdomo akasema Kiswahili aliletwa kwangu, awe amerudi kutoka Tanzania au awe Mkongomani wa Kivu Kusini anayeuza vitenge na mafuta mjini. Ndivyo nilivyowafahamu wanawake wawili ninaowaeleza hapa.

Wa kwanza ndiye huyo mama wa Magarama, Mkongomani, mwenye duka la vitenge na mpunga na chochote kinachouzika. Alikuwa na presha. Wa pili alikuwa mkulima wa Bukirasazi, vilimani nje ya mji. Alikulia Tanzania kama mimi, akaolewa huko, akarudi na watoto kulima shamba la baba yake, nusu yake ikiwa imekaliwa na majirani. Yeye alikuwa na sukari. Alikuwa mwembamba, mpole, na Kiswahili chake cha Kigoma kilinifanya nitake kukaa naye zaidi ya dakika nilizopewa. Aliniita mdogo wangu. Kila alipoleta maharage sokoni alipitia kwetu, akapimwa, akachukua vidonge, akaenda zake. Hakuna aliyemwita. Alijua tu kwamba siku ya kuuza maharage ndiyo siku ya dawa.

Kisha ukaja mfumo.

Nitasema ukweli, niliufurahia. Wagonjwa wetu wengi wa presha walikuwa wakija mara moja, wanapata nafuu, wanapotea, halafu wanarudi wamebebwa, upande mmoja umepooza. Mkurugenzi alipotueleza kwamba kompyuta itakuwa ikipitia taarifa zote kila asubuhi, itazame nani amechelewa na nani majibu yake yanatisha, kisha iwatumie ujumbe warudi, nilipiga makofi kuliko wote. Mwekundu amechelewa. Wa njano anakaribia. Wa kijani yuko salama. Nani angekataa kitu kama hicho?

Ugomvi wangu nao ulianza wiki ya kwanza. Ujumbe ulikuwa kwa Kifaransa. Mzee mmoja alikuja akiwa na furaha kubwa akidai zawadi yake, kwa sababu jirani aliyemsomea alimwambia ameshinda bahati nasibu. Nilipoomba ujumbe uandikwe kwa Kirundi niliambiwa ombi litapelekwa Bujumbura. Likapelekwa. Likakaa. Wagonjwa wakaendelea kushinda bahati nasibu. Hatimaye fundi wa kompyuta, kijana wa suruali nyembamba aliyekuja kutoka Bujumbura na mfuko wa nyaya, akabadilisha maneno kwa muda mfupi kuliko ule wa kunywa chai. Sikumuuliza kwa nini tulingoja miezi. Niliogopa jibu.

Halafu kulikuwa na simu zenyewe. Mfumo ulitaka kila mgonjwa awe na namba. Vilimani simu ilikuwa ya mume, au ya shemeji, au ya mwenye duka la kuchajia betri. Wengine walikuwa na simu inayowashwa siku ya soko tu. Nilimwambia mkurugenzi tuweke mahali pa kuandika namba ni ya nani. Akasema skrini haina nafasi hiyo. Nilikuwa nimeanza kulichukia neno skrini.

Na kulikuwa na siku za kuzaliwa. Sisi tuliorudi, na Wakongomani wenye kadi za ukimbizi, wengi wetu tumezaliwa tarehe mosi Januari. Hivyo ndivyo walivyotuandika kambini: kama mama yako anakumbuka mwaka tu, au anakumbuka ilikuwa wakati wa kupalilia, basi mosi Januari. Mimi mwenyewe ni wa tarehe hiyo. Nusu ya benchi la nje ilikuwa ya tarehe hiyo. Nilimwambia na hilo fundi wa kompyuta. Alicheka sana, akasema ni jambo la kuvutia, akaendelea na nyaya zake.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifanya kazi mpaka macho yanakuwa mekundu, na wagonjwa maskini aliwatibu bila kuwauliza kitu. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka akipewa kitu kinachomwambia kwamba mambo yanakwenda vizuri, hukiamini. Asubuhi alifungua kompyuta yake akaona kijani, akashusha pumzi. Nilipomweleza habari ya mama wa Magarama aliyeitwa mara tatu, hakuinua macho.

"Mfumo unaona hatari tusizoziona sisi," alisema. "Unatazama umri, uzito, majibu ya nyuma. Ukisema aitwe, aitwe."

"Lakini unataka nimpime sukari, na hana sukari."

"Bado hana. Ndiyo maana inaitwa kinga."

Nilitoka. Ningeweza kufungua ukurasa wa historia yake nikasoma mwenyewe, lakini kwa mtandao wetu ukurasa huo ulifunguka taratibu kama maua, na benchi lilikuwa limejaa.

Mwaka ulipokuwa ukielekea mwisho, chama kiliamua mfumo upelekwe na Muyinga. Mkurugenzi akanichukua niende kuwafundisha wauguzi wa kule, kwa sababu Muyinga ni kwetu na mama yangu yupo huko. Tulipita Karuzi asubuhi na ukungu, yeye akiendesha, akinieleza njia nzima jinsi wafadhili walivyovutiwa. Nilikuwa na usingizi. Nilikuwa nikifikiria viazi vya mama.

Walikuwa wamekusanyika katika chumba cha mikutano cha kituo, wauguzi, watu wa chama, na wageni wawili waliokaa mbele wakiwa na chupa za maji. Taa ya kuonyeshea picha ukutani iliwashwa, na mkurugenzi akaanza. Alizungumza vizuri. Alionyesha michoro inayopanda. Kisha akasema anataka kuwaonyesha binadamu, si michoro, akaleta ukutani ukurasa wa mgonjwa mmoja. Jina lilikuwa limefunikwa.

"Huyu ndiye mgonjwa wetu wa mfano," alisema. "Mwanamke, mkulima wa Bukirasazi. Sukari na presha. Kabla ya mfumo sukari yake ilikuwa ikipanda na kushuka, na vipimo vyake havikuwa na mpangilio. Tangu tuanze kumwita, amefika kila alipoitwa. Kila mara, bila kukosa. Na tazameni sukari yake. Ya kawaida, mwezi baada ya mwezi. Wala hatujamwongezea dawa."

Watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja akaandika kitu.

Mimi nilikuwa nimeshika mikono yangu hewani, tayari kupiga makofi, nikaiacha hapo. Mkulima wa Bukirasazi mwenye sukari, tena anayefika kituoni kila mara? Anayetoka Bukirasazi na kufika kila mara ningemwona. Mwenye sukari wa Bukirasazi niliyemfahamu alikuwa mmoja, yule aliyeniita mdogo wangu, na nilianza kujiuliza ni lini nilimwona mara ya mwisho. Haikuwa mwezi huo. Haikuwa mwezi uliopita. Ilikuwa kabla ya mvua za kupanda.

Nikatazama ukutani tena. Jina walikuwa wamelifunika, lakini namba ya simu waliisahau. Niliifahamu. Nilikuwa nimeipiga mwenyewe kumtuliza mama wa Magarama kwamba hafi.

Nilinyoosha mkono.

"Maswali mwishoni," alisema mkurugenzi kwa tabasamu.

Sijui niliwezaje kukaa pale. Mambo yalikuwa yakijipanga kichwani mwangu moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa la kijinga kiasi cha kutaka kulia. Jina la ubatizo la wanawake wale wawili lilikuwa moja. Majina yao mengine yalifanana kwa mbali, na fundi alikuwa ameufundisha mfumo usijali tofauti ndogo za herufi, kwa sababu Burundi kila karani anaandika jina atakavyo. Wote walizaliwa mwaka mmoja, tarehe mosi Januari, kwa hisani ya kambi. Na kwa sababu ambayo bado sikuijua, walikuwa na namba moja ya simu. Usiku mmoja, mfumo ulipokuwa ukijisafisha, uliwaona hawa ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Ukawaunganisha. Tangu hapo mmoja alipoitwa kwa sukari, mwingine alikuja na presha yake, akachomwa kidole, na mstari ukawa wa kijani.

Wakati wa chai nilimvuta mkurugenzi kando nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe. Niliona kwenye uso wake kwamba ameelewa, na kwamba angependa sana asiwe ameelewa.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Ni kesi moja," alisema polepole. "Tutaitazama tukirudi Gitega. Tafadhali, usiiseme mbele ya wageni."

"Daktari, ni mtu. Ana sukari na hajaja tangu kabla ya mvua."

"Nimesema tutaitazama."

Nikatoka nje mpaka kwenye ua, nikapiga namba ya mama wa Magarama. Alipokea kabla simu haijalia mara ya pili, nikamwambia niko Muyinga.

"Weye tena! Hata Muyinga bameshajua maladi yangu?"

"Mama, sikupigii kwa ugonjwa wako. Kuna mama wa Bukirasazi, mkulima, jina lake kama lako. Unamfahamu?"

"Yule wa maharagi? Namujua sana! Miye njo nanunuaka maharagi yake. Ni mutu muzuri."

"Kwa nini namba yako imeandikwa kwake?"

"Hana telefone. Aliniomba, asema kwa dispanseri banataka namba. Nikamwambia, toa yangu, bakikuita nitakuambia siku ya soko. Lakini hamukumuitaka hata siku moja. Ni miye tu munaita."

Niliegemea ukuta.

"Mara ya mwisho umemwona lini?"

"Oh, siku mingi. Hakuyi tena kwa soko. Anatuma mutoto na maharagi. Banasema mguu inamuuma."

"Mguu gani? Ana kidonda?"

"Sijue. Juu ya nini?"

"Mama, yeye ndiye mwenye sukari."

Nilisikia mteja upande wa pili akiuliza bei, na hakujibiwa.

"Ngoja," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ile sukari mulikuwa munatafuta kwa damu yangu, kila mara kunitoboa kidole. Ilikuwa ya yule mama?"

"Ndiyo."

"Na zile mesaji ilikuwa yake?"

"Nyingi zilikuwa zake."

"Mungu wangu. Bon. Kata telefone."

Alifunga duka saa ile ile, alinieleza baadaye, mteja akiwa bado ndani anashika kitambaa. Alipanda pikipiki mpaka Bukirasazi. Mimi nilirudi chumbani, na alasiri nzima nikakaa kusikiliza somo la umuhimu wa taarifa sahihi. Walisema hivyo kweli. Fundi wa kompyuta, aliyekuwa amekuja na wageni, alisimama mbele akaeleza kwamba mashine hutoa kile ilicholishwa. Nilivunja penseli vipande viwili chini ya meza.

Jioni, nikiwa kwa mama yangu, mama wa Magarama akapiga simu. Amempata. Mguu umevimba, chini ya vidole kuna kidonda chenye harufu, na familia ilikuwa ikikiosha kwa majani. Alikuwa amekodi gari la mtu anayesafirisha ndizi, akamlaza nyuma na kumfikisha moja kwa moja hospitali ya Gitega, akawagombeza walinzi mpaka wakafungua geti.

"Miye niko hapa," alisema. "Banamuweka maji. Weye kuya."

Mama yangu alikuwa amenitengea chakula. Aliuliza ni nani huyo. Nilipomweleza, alishangaa tu, akauliza kwa nini hatukumtuma mtu kilimani kumwangalia. Nilikula viazi vyake bila kuvisikia ladha.

Nilimkuta mama wa Bukirasazi hospitalini kesho yake mchana. Walikuwa wamemkata vidole viwili vya mguu, na mguu wenyewe walidhani utapona. Mama wa Magarama alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya kitanda, viatu vyake vya dukani kando. Mgonjwa mwenyewe alikuwa macho, akanitambua, akajaribu kuinuka.

"Lala, dada."

"Mdogo wangu," alisema, "nilidhani mmenisahau."

Nilimuuliza kwa nini hakuja kama zamani, siku ya maharage.

"Si mliniambia?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwenzako wa mapokezi alinieleza vizuri. Akasema, mama, sasa usihangaike kuja hovyo hovyo, utasubiri bure kwenye foleni. Kompyuta inakujua. Siku yako ikifika itakuita. Basi nikangoja. Dawa zikaisha, nikangoja. Nikasema, kama hawaniiti, basi nimepona."

Nimefikiria maneno yale kuliko kitu chochote nilichofundishwa chuoni. Mwanamke huyu alikuwa akijitunza mwenyewe, bila kompyuta na bila simu, kwa kufuata soko la maharage. Sisi ndio tuliomfundisha kungoja. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani, kwa sababu kila mtu niliyemfikiria alikuwa amefanya kazi yake.

Niliporudi kituoni nilimtaka fundi wa kompyuta awatenganishe. Nilimpigia mbele ya mkurugenzi.

"Haiwezekani," alisema. "Kuunganisha ni kwa kudumu. Ni kwa usalama wa taarifa."

"Usalama wa nani?"

"Kuna njia nyingine. Mnafunga faili hilo, mnafungua mapya mawili. Lakini kufunga lazima kuwe na sababu. Amekufa, au amehama."

Mkurugenzi alikataa kufa. Alisema, bila utani, kwamba mgonjwa wa mfano hawezi kufa wakati wageni bado wanaandika ripoti. Basi ahame. Fundi akasema kuhama ndani ya mkoa hakukubaliki, mfumo unataka mahali pa mbali, na katika orodha yake palikuwa na nchi za jirani. Mtu wa mapokezi, akitaka kumaliza kazi, akachagua Tanzania.

Mama wa Bukirasazi alikuja na magongo kuchukua dawa, akaona kwenye karatasi yake ya zamani maneno yaliyopigwa muhuri, akaomba asomewe. Nilimsomea. Sikuweza kumdanganya.

Ni mara moja tu nilimwona amekasirika.

"Tanzania?" alisema. "Mmenirudisha Tanzania? Mimi nilivuka pale mpakani Kobero na watoto na mabati kichwani. Nimekuta watu wamepanda migomba kwenye shamba la baba, nimegombana nao mpaka leo nagombana nao. Nimezika mume hapa. Halafu ninyi mnakaa hapa na umeme wenu mnanirudisha?"

"Dada, ni maandishi tu ya kompyuta."

"Hata kule nilikuwa maandishi tu."

Nilikwenda kwa mkurugenzi nikamwambia sitampima mtu mwingine siku hiyo mpaka neno lile liondolewe. Sijawahi kumwambia mkubwa wangu maneno kama hayo, na nadhani hakuwahi kuyasikia. Alimpigia fundi yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipandisha sauti. Ilipatikana njia. Faili lile la watu wawili likahamishiwa Muyinga, kwa kuwa Muyinga sasa ilikuwa kwenye orodha, na wanawake wale wakaandikwa upya, kila mmoja na faili lake. Mama wa Bukirasazi nilimwandikia siku ya kuzaliwa ya katikati ya Mei, kwa sababu mama yake alimwambia alizaliwa wakati wa kuvuna maharage. Mama wa Magarama alipoulizwa alichagua Desemba, kwa ajili ya Noeli.

Baada ya wiki chache muuguzi wa Muyinga alimpigia mama wa Magarama kumuuliza kwa nini amehamia kwao na hajaja kupimwa. Sitaandika alichojibiwa. Kilikuwa Kiswahili cha Kivu, kilikuwa kirefu, na muuguzi yule alinipigia akilia.

Tulipata mafanikio mengine, lazima niseme. Kuna wanaume kadhaa wa mjini, wenye simu zao, ambao wasingalirudi kama wasingaliitwa, na leo wanatembea kwa miguu yao yote miwili. Mkurugenzi alikubali tuulize kila mgonjwa simu ni ya nani, tukaandika jibu kwa kalamu pembeni ya kadi, kwa sababu skrini bado haikuwa na nafasi. Muyinga walikataa kalamu. Walisema watangoja toleo jipya.

Mama wa Bukirasazi alirudi kwenye desturi yake. Mguu ulipopona alianza tena kuja sokoni, akichechemea, na mama wa Magarama akimbebea gunia hadi dukani akimlaumu njia nzima kwa kunyamaza na ugonjwa. Siku moja aliingia kituoni, akaketi kwenye benchi, akapimwa, akaenda kwenye dirisha la dawa. Nikasikia sauti zinapanda. Nikaenda.

"Si siku yake," alisema mtoa dawa, akinionyesha skrini. "Mfumo unasema bado. Hajaitwa."

"Dawa zangu zimeisha," alisema mama, akishika kitambaa chake kitupu. "Na leo nimeuza maharage."

"Aje akiitwa."

Nilimwomba mtoa dawa anipishe. Akasema atalazimika kuandika ripoti. Nikamwambia aandike, na nikamtajia herufi za jina langu asije akakosea. Kisha nikafungua kabati, nikahesabu vidonge vya mwezi mzima, nikamfungia kwenye kitambaa chake, akaviweka kifuani na kwenda kumtafuta mwenzake aliyekuwa akimngoja nje na gunia tupu.